Mama Mkwe Atakaa Wapi

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya na herufi zangu hazikai mahali pake. Nilimaliza darasa la saba, nikafunga daftari, na tangu hapo mkono wangu umeshika spana na mipira ya baiskeli kuliko ulivyoshika kalamu. Tena sisi watu wa huku herufi r na l hutuchanganya, na mwalimu wangu alikuwa akizizungushia wino mwekundu mpaka ukurasa unafanana na mtoto mwenye surua. Atakayeona kosa alipite tu. Naandika polepole kwa sababu jambo lenyewe sijawahi kulisimulia kwa mdomo. Mimi si msemaji. Hata salamu huzitoa nikitazama chini.

Ni habari ya gari dogo nililolichagua kwa ajili ya mke wangu na mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa, na ya hofu iliyoniingia kabla sijalinunua, ambayo mpaka leo haijatoka yote.

Kijiji chetu kiko upande wa Kahama ukitokea Tinde, ndani kidogo ya barabara kuu, kwenye udongo mweusi wa majaruba ya mpunga. Nina kibanda barabarani, natengeneza baiskeli. Baba na mama walifariki nikiwa mdogo. Nililelewa na baba mdogo, na ndiye aliyekuwa akitunza ng'ombe alioniachia baba.

Mimba ya kwanza ya mke wangu iliisha vibaya. Uchungu ulimshika alfajiri, wakunga wa kijijini wakahangaika naye, na jua lilipoanza kuinama wakasema wameshindwa. Tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu ukilowa hushika gurudumu kama mtu anayedai haki yake. Kufika barabara kuu mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Lori la pamba lilitupeleka Shinyanga, na hospitali wakamwokoa mke wangu kwa kisu.

Siku ya kutoka, muuguzi mmoja mtu mzima alituketisha kwenye benchi akasema nasi kama mama. Alimwambia mke wangu, "Nyonga zako ni nyembamba, mwanangu. Mtoto hapiti. Ukibeba mimba nyingine, uchungu ukianza tu uwe hapa. Ukichelewa kama safari hii, sitakuona tena." Halafu akanigeukia. "Na wewe unayetazama sakafu, umesikia?"

Nilitikisa kichwa kuwa nimesikia. Nilisikia sana. Tangu siku ile nilikuwa nikimwona mke wangu anapika au anapepeta mpunga, nasikia lile neno, sitakuona tena.

Kwa hiyo aliponiambia kwamba ana mimba tena, sikuweza kucheka. Alinitazama akasubiri niseme kitu. Nilimwambia ni vizuri, kisha nikaenda kibandani nikakaa na baiskeli ya mtu mkononi bila kuitengeneza.

Msomaji atauliza kwa nini nisingempeleka mjini akangojee huko. Mjini hatukuwa na ndugu. Tulikubaliana kwamba mwezi wa mwisho ukiingia nitamtafutia chumba karibu na hospitali. Lakini mwezi wa mwisho wa mimba ni nani anaujua sawasawa? Na miaka hiyo usafiri ulikuwa wa kubahatisha. Basi lilipita asubuhi likiwa limejaa, na siku nyingine halikupita kabisa. Malori yalikaa Kahama na Shinyanga wiki nzima yakingoja mafuta. Mafuta yenyewe yakija ni kwa kibali na foleni, na mtu wa kijijini akipata dumu moja hulibeba kama mtoto.

Nilijua kuendesha. Nilikuwa utingo wa mfanyabiashara wa mchele kabla sijaoa, akanifundisha, nikapata na leseni. Basi nikakata shauri. Nilikwenda kwa baba mdogo nikamwomba tuuze ng'ombe wangu, nichanganye na mpunga wa msimu ule, tununue gari.

Baba mdogo ni mtu wa maneno. Ujana wake aliumalizia Geita kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi na redio, kikohozi na hadithi zisizokwisha. Alinisikiliza akicheka.

"Wewe unayeogopa kumsalimia mwenyekiti wa kijiji," alisema, "utathubutu kumpigia mtu honi?"

Lakini hakukataa. Naye alikuwa amesimama kando ya kile kikaburi cha mtoto. Alisema tu kwamba ng'ombe wa marehemu kaka yake hawawezi kwenda kununua kitu cha ovyo, kwa hiyo atafuatana nami.

Magari yaliyokuwa yakiuzwa tuliyoyasikia yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa pikapu mjini Shinyanga, ndefu, yenye mabodi ya mbao nyuma, ya mkandarasi aliyekuwa anahama. La pili lilikuwa gari dogo Kahama, la mzee mmoja wa Kiislamu mwenye duka la nguo, mtu ambaye babu zake walitoka pwani. Lilikuwa na milango miwili tu. Ukitaka kukaa nyuma unakunja kiti cha mbele, unainama, unapenya kama kuku anayeingia tunduni. Baba mdogo alilizunguka mara moja akamuuliza mzee sehemu ya gari iliyobaki iko wapi.

Mzee hakukasirika. "Bwana mkubwa, hili halili mafuta," alisema. "Hili linalamba."

Baba mdogo akasema kila muuza ng'ombe husema ng'ombe wake ana maziwa, na ng'ombe hajulikani mpaka akamuliwe. Akataka gari likamuliwe. Nilivyokuwa nimeona kwa tajiri wangu wa mchele, nikawaonyesha. Tulichomoa mpira wa mafuta unaotoka kwenye tanki, tukafunga chupa ya soda yenye petroli juu ya injini kwa ukanda wa tairi la baiskeli, tukapitisha mpira mwembamba mpaka kwenye kabureta. Kisha nikaendesha kutoka mjini, boneti ikiwa imefungwa kwa kamba, mpaka chupa ikaisha na gari likazimika lenyewe. Tulishuka tukatazama tulikofika. Baba mdogo alitazama nyuma, akatazama mbele, hakusema kitu. Tukalisukuma kurudi, na hapo ndipo alipopata maneno, kwamba kumbe uzuri wake ni huu, likiisha mafuta unaweza kulibeba kichwani.

Pikapu nayo tuliikamua kwa chupa ya namna ile ile. Haikufika hata nusu ya kule. Ilizimika kwa mkoromo, tukakaa kando ya barabara tukingoja watu wa kuisukuma, maana sisi wawili haikutikisika.

Kwangu mimi shauri lilikuwa limekwisha. Dumu moja kwenye pikapu lingetufikisha Shinyanga kama barabara ni kavu, na kama tope lingetushika lisingetufikisha. Dumu hilo hilo kwenye gari dogo lingetupeleka, likaturudisha, likabaki la kuanzia. Siku zile hukununua gari, ulinunua umbali ambao dumu lako litakufikisha.

Lakini baba mdogo alikuwa na swali, na swali lile ndilo lililonitia hofu kuliko mafuta.

"Na mama mkwe wako atakaa wapi?" aliniuliza. "Mapajani mwako?"

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu mama aliyekuzalia mke ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Ukikutana naye njiani unatoka njiani, unainama kichakani mpaka apite. Humpi mkono. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Mkiwa mahali pamoja kwa lazima, mmoja hugeuza mgongo. Mama mkwe wangu ni mjane, mtu mkimya, na alishika desturi hiyo kuliko wengine. Tangu nioe sikuwa nimemwona uso wake kwa ukaribu. Nilimjua kwa khanga zake na kwa mwendo wake. Akileta kitu nyumbani alikiweka nje ya ua akakohoa.

Na ndiye aliyepaswa kufuatana na binti yake hospitali. Mke wangu alishasema bila mama haendi, na mimi mama sikuwa naye. Kwenye pikapu mama mkwe angekaa nyuma kwenye mabodi na mizigo, na mimi mbele, bati katikati yetu. Kwenye lile gari dogo hapakuwa na bati. Palikuwa na pumzi tu.

Baba mdogo alisema mkwe aliyegusana na mama mkwe wake ameiharibu nyumba. Alitaja watu waliopatwa na mambo, huyu mtoto wake alizaliwa kiwete, yule mkewe akaugua kichwa asipone. Alisema bila kucheka, na baba mdogo asipocheka mimi huogopa. Sikujua niamini lipi. Nikiamua pikapu, namwona mke wangu amelala nyuma ya gari lililozimika porini. Nikiamua gari dogo, namwona mtoto amezaliwa na laana niliyomnunulia mwenyewe kwa ng'ombe wa baba.

Nilimweleza mke wangu tukiwa jarubani, tunafukuza ndege. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kwenye tumbo.

"Mimi nataka litakalofika," alisema. "Hayo mengine mtayazungumza nikiwa hai."

Kesho yake nilimwambia baba mdogo kwamba nachagua dogo. Nilisema kwa sauti ndogo hata akanirudisha niseme tena. Kisha akatoa sharti lake. Gari nichukue, lakini mama mkwe asitie mguu humo. Siku ya safari yeye atafuata kwa basi. Nilikubali haraka. Mama mkwe naye alipoambiwa na binti yake alisema hivyo hivyo, gari la mkwe si la kukaliwa na mama mkwe, atafuata kwa basi. Wote tulikubaliana vizuri kabisa, kana kwamba uchungu nao ungengoja basi.

Gari lilikaa uani kwangu chini ya paa la mabua ya mtama nililolijengea. Mafuta yalikuwa dumu moja nililolipata Kahama kwa foleni, nikalificha kwenye kihenge cha nafaka. Sasa nikapata hofu mpya. Kila mke wangu alipowasha moto wa kupikia nilitazama kule kihengeni. Kila aliyekuja na sigara nilimtoa nje kwa kisingizio. Tena ilikuwa miaka ya misako ya walanguzi, na mtu mwenye dumu nyumbani alikuwa na la kujibu. Kwa kuogopa kuyamaliza mafuta sikuliwasha gari. Niliketi ndani yake, nikashika usukani, nikakanyaga klachi, nikatoka. Niliona nafanya busara. Kumbe batri ilikuwa inakufa kimya kimya.

Mwezi wa mwisho ulipokaribia, mama mkwe alikuja akafikia kwa jirani yetu, mama mmoja mjane mwenzake, maana kwangu asingeweza kulala. Niliona khanga zake kwa mbali asubuhi zikienda kisimani.

Kwa hesabu zetu mwezi wa mwisho ulikuwa bado. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, wamekula. Baba mdogo alikuwa amekwenda mnadani kijiji cha mbali. Mke wangu alikuwa kibarazani anamenya karanga. Niliona ungo umeteleza kutoka magotini mwake, karanga zimemwagika, na yeye hakuinama kuziokota. Alikuwa anatazama maji yaliyolowesha khanga yake.

"Imeanza," alisema.

Jumapili mchana. Wanaokumbuka miaka ile watakumbuka amri, kwamba Jumapili kuanzia saa nane gari la mtu binafsi lisionekane barabarani bila kibali, kwa ajili ya kuokoa mafuta. Sikuwa na kibali. Basi halikuwepo. Nilimimina mafuta kwenye tanki kupitia kitambaa, mengine yakamwagikia viatu. Majirani walimlaza mke wangu kiti cha nyuma, magoti yamekunjwa, kichwa kwenye furushi la nguo. Nikageuza ufunguo. Gari likatoa mlio mmoja kama mtu anayefyonya, likanyamaza.

Tulilisukuma. Wanawake wa kanisani wakiwa na nguo zao nyeupe, yule jirani, watoto wakubwa, wote walisukuma kwenye njia ya kutoka kijijini, na mimi nikiwa ndani nimekanyaga klachi. Mara ya kwanza nilipoiachia gari lilishtuka likakataa. Mara ya pili likakataa. Mke wangu alianza kuita kwa Kisukuma, "Mayu, mayu," yaani mama, na niliposikia vile nilitazama kwenye kioo. Nyuma ya kioo, katikati ya wale wanawake, niliona uso nisioujua, mwembamba, macho makavu, mikono yote miwili kwenye bati la gari langu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mama mkwe usoni.

Mara ya tatu injini ikawaka. Gari likaruka mbele, watu wakabaki. Nilijua nikisimama litazimika, na njia ya mteremko ilikuwa inaishia. Mke wangu aliinuka nusu akapiga kelele kwamba bila mama haendi, bila mama heri afe. Nikapunguza mwendo huku nimekanyaga mafuta, nikanyoosha mkono nikasukuma mlango wa upande wa pili ukafunguka. Sikuita. Sikujua nimwite nani kwa mdomo wangu. Yeye alikuwa anakimbia, khanga mkononi, na alipoufikia mlango hakusita. Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa mgonjwa. Aliingia palipokuwa na nafasi, mbele, kando yangu.

Sitaweza kueleza ilivyokuwa. Gari lile ni dogo kiasi kwamba watu wawili wakikaa mbele mabega yao hukaribiana bila kutaka. Aligeuza magoti mlangoni, akajifunika khanga kichwa chote, akatazama nje. Mimi nilibana kiwiko changu ubavuni. Gia zilikuwa katikati yetu, na kila nilipotaka kubadilisha, mkono wangu ungepita karibu na goti lake. Basi sikubadilisha. Nilikwenda na gia ya pili, injini inalia, na najua kabisa kwamba kila mlio ule ni mafuta yanateketea.

Mama mkwe akamwambia binti yake, akiwa bado ametazama nje, "Mwambie mumeo abadilishe, gari linaumia."

Mke wangu akasema kwa shida, "Badilisha."

Niliweka gia ya tatu kwa vidole viwili, kama mtu anayechomoa mwiba. Halafu tulipoingia barabara kuu akasema, "Mwambie mumeo apite kulia, kushoto pana shimo." Hakujibiwa. Akarudia. Nyuma kulikuwa kimya. Nilitaka kugeuka nikashindwa, shingo ilikuwa kama mti. Mama mkwe aligeuka yeye. Alipitisha mkono katikati ya viti akamshika binti yake uso, bega lake likakaa kabisa begani kwangu, na halikuondoka.

"Baba," aliniambia mimi, "anapumua. Usitazame nyuma. Wewe endesha."

Nikaendesha. Zile gia nilizibadilisha zote.

Karibu na Tinde palikuwa na kizuizi, mti uliolazwa kukata barabara, mgambo mmoja kijana na askari mmoja mtu mzima. Niliomba Mungu injini isizimike. Mgambo alikuja dirishani akauliza kama nyumbani kwetu hatuna kalenda. Kibali kiko wapi? Mafuta nimeyapata wapi Jumapili?  Nilinyoosha kidole nyuma. Akachungulia, akamwona mke wangu amelala, akacheka.

"Kila Jumapili mnalaza wake zenu nyuma," alisema. "Wiki iliyopita mmoja alikuwa na uchungu hapa, ndani ya furushi la mtoto tukakuta sukari. Zima gari, fungua buti."

Sikuzima. Nilijua nikizima tumekwisha, na kumwambia kwamba batri imekufa sikuweza. Akapaza sauti, akashika kitasa cha buti. Ndipo yule askari mtu mzima akaja polepole upande wa pili, akainama, na kumkuta mama mkwe uso kwa uso. Akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Mama mkwe akaitikia kwa kunong'ona. Askari akanitazama mimi juu ya kichwa chake.

"Huyu mama ni nani wako?"

"Mkwe," nilisema.

"Mkwe wa namna gani?"

"Amemzaa huyu aliyelala."

Alitazama magoti ya mama mkwe, akatazama gia, akatazama bega lake na bega langu. Aliinuka ghafla akageukia upande mwingine, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mtu mzima anaoga.

"Acha buti," alimwambia mgambo. "Inua mti."

"Lakini afande, hana kibali."

"Kibali kimekaa pale mbele. Wewe si wa huku, huwezi kukisoma. Inua mti."

Mti ukainuliwa. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kwenye dashibodi. Aibu aliyoipata pale, ya kutazamwa na mwanamume wa kabila lake akiwa vile, naijua mimi.

Kutoka Tinde sikumbuki barabara. Nakumbuka kwamba mshale wa mafuta ulikuwa mbovu hauonyeshi kitu, na mimi nilisikiliza injini nikingoja ule mshtuko wa kwanza wa tanki tupu. Kwa pikapu ungekuwa umekuja zamani. Haukuja. Nilisimamisha mbele ya mlango wa hospitali, na hapo ndipo gari lilipozimika, kwa sababu nilisahau klachi.

Walimchukua mbio. Muuguzi alimpima, akamwita daktari, wakaingia naye kwenye chumba cha kisu. Mimi nilikaa upande huu wa ukuta, mama mkwe akazunguka akakaa upande wa pili, migongo yetu ikielekeana, ukuta katikati. Nilimsikia akisali, kisha nikamsikia ananyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha zaidi. Nilikuwa natafuta mtoto kilema kichwani mwangu, namna atakavyokuwa, mguu upi. Nilifikiri pia kwamba huenda akatoka mmoja tu, na nilianza kuchagua, nikajizuia, maana kuchagua kule ni dhambi.

Muuguzi alitoka akaenda upande wa mama mkwe. Nilisikia minong'ono. Halafu sauti ya mama mkwe ikapita juu ya ukuta, ikimwambia muuguzi, "Mwambie huyo kijana ni msichana. Mwambie wote wawili wanapumua."

Nilikwenda nje nikashika gari kwa mikono miwili, bati lake lilikuwa bado la moto.

Mtoto ana viungo vyake vyote, nilimkagua mwenyewe. Sasa anakimbia na kuku. Baba mdogo aliporudi mnadani akasikia, alikaa siku kadhaa hasemi nami, kisha akaita wazee. Niliamriwa nitoe mbuzi na doti ya khanga kwa mama mkwe ili heshima irudi, nikatoa, akapokea. Lakini tangu hapo hajafika hata nje ya ua wangu. Mjukuu humshikia kwa jirani. Tukikaribia kukutana njiani huniona kwa mbali akageuza njia nzima, hangoji niiname. Zamani nilimwogopa kwa desturi. Sasa namwogopa kwa sababu najua uso wake.

Na mke wangu ana mimba tena. Hospitali wamesema ni kisu tena, tena mapema zaidi, kwa ajili ya kovu. Chumba mjini nimeanza kutafuta, lakini mwezi wetu ulishatudanganya mara moja. Baba mdogo amepata habari ya pikapu nyingine na ananihimiza niuze dogo, anasema Mungu hatoi msamaha wa gari mara mbili. Mafuta hayajawa rahisi. Mke wangu anasema maneno yale yale, anataka litakalofika, na bila mama haendi. Mama mkwe hajasema kitu, na mimi kumtumia mtu amuulize kama atapanda bado sijathubutu. Kila asubuhi siku hizi naliwasha gari kidogo, batri isife, na ninapoliwasha natazama kile kiti kando yangu.

Ndiyo maana nimeandika. Kama wewe unayesoma uliwahi kumbeba mama mkwe wako kwenye gari dogo, au ulikataa kumbeba, niandikie. Niambie mlikaaje, na baada ya hapo mliwezaje kukutana njiani. Kama unajua gari lisilokula mafuta ambalo mtu anaweza kukaa mbali na mwenzake, nitajie. Lakini andika mapema, kwa sababu mvua zikianza tu, mwezi wake wa mwisho utakuwa unaingia.